Kumuaga Mbwa wa Boma

Mnyororo wa mbwa ukikaa miaka mingi katika boma moja huacha alama mahali pawili. Chini, mbele ya kibanda, udongo mwekundu wa Mathira, katika kaunti ya Nyeri, huchimbika nusu duara, ukawa mgumu na kung'aa hata mvua za Aprili zisiulainishe. Na shingoni mwa mbwa mwenyewe manyoya hulala upande mmoja na kupungua, ngozi ikaonekana. Kibanda kimeinuliwa kwa vigingi vinne, kimepigiliwa mabanzi aliyoyabakisha fundi alipomaliza zizi, na juu kimewekewa kipande cha bati kuukuu. Kando yake kuna sufuria iliyotoboka, ambayo zamani ilichemsha githeri na sasa imeachiwa ugali wa mbwa. Apitaye njia za ndani kutoka mjini Karatina kuelekea Tumutumu, Ragati au Hombe huviona vitu hivi boma baada ya boma. Akitazama vizuri, ataona kwamba katika maboma mengine mnyororo umelala chini peke yake mchana kutwa, na mbwa amejinyoosha mlangoni pa jikoni, mdomo umeota mvi. Amefunguliwa kwa kuwa hakuna tena haja ya kumfunga. Hawezi kwenda popote.

Mbwa huyo aliletwa akiwa mdogo wa kutosha kwenye kikapu, zawadi ya jirani ambaye mbwa wake alikuwa amezaa wengi kuliko uwezo wa kuwalisha. Watoto walimpa jina lililokuwa tayari vinywani mwa watoto wote wa kijiji: Simba, Tiger, Popi. Kazi alipewa siku hiyo hiyo. Alilinda ng'ombe usiku, akabweka wezi walipoinyemelea kahawa, akawasindikiza wanafunzi hadi barabarani na kurudi peke yake, akajua mlio wa pikipiki ya baba na mlio wa pikipiki ya mgeni. Hakuna aliyemwandikia mshahara. Alilipwa makombo, maji, na sauti za watu aliowajua. Sasa miaka imepita kumi, pengine kumi na miwili. Macho yamepata ukungu wa samawati. Miguu ya nyuma hutetemeka anapoinuka, na pikipiki huingia mpaka uani kabla hajageuza sikio.

Katika boma la mlimani karibu kila mnyama ana njia yake ya kuondoka, na njia hiyo ina bei. Kuku akiacha kutaga huingia chunguni, au hubebwa kichwa chini hadi soko la Karatina, ambako hununuliwa katikati ya kelele za wauza viazi, kabichi na mitumba. Mbuzi husubiri mahari, Krismasi au karo ya shule. Ng'ombe wa maziwa akikauka, dalali hupigiwa simu. Mbwa peke yake hana mnunuzi mwishoni. Nyama yake hailiwi, ngozi yake haiuzwi, na uzee wake hauna soko la kuwaamulia wenye nyumba. Ndiyo maana swali la namna ya kumuaga mnyama huja likiwa tupu kabisa kwa mbwa: hapa hakuna faida inayoweza kujificha nyuma ya uamuzi. Kilichopo ni deni.

Deni hilo mara nyingi limelipwa vibaya. Wapo mbwa waliotiwa guniani na kuachwa ukingoni mwa msitu. Wapo waliotupiwa nyama yenye sumu ya wadudu, wakafa kwa mateso ya saa nyingi. Wapo waliofukuzwa kwa mawe mpaka barabara kuu ya Nairobi, magari yakamaliza kazi. Tusiwahukumu wote waliofanya hivyo kana kwamba hawakuwa na moyo. Kichaa cha mbwa kimeua watu katika nchi hii kwa vizazi, wengi wao watoto, na hofu yake ndiyo iliyomweka mbwa nje ya mlango na kumfanya atazamwe kwa jicho la pembeni. Mwaka 2014 Kenya ilijiwekea mkakati wa kukomesha vifo vya watu vitokanavyo na ugonjwa huo ifikapo 2030, na chanjo ya kila mwaka ndiyo msingi wake. Mbwa anayeshukiwa kuwa na kichaa hashikwi wala hakumbatiwi. Watu hukaa mbali na daktari wa mifugo huitwa mara moja. Lakini mbwa aliyechanjwa, aliyezeeka akilinda boma lile lile, haleti hatari hiyo anapokufa. Huyo anadai tu watu wake wakae karibu.

"Ni mbwa tu." Maneno hayo husemwa kwa upole, hata na wale wanaompenda. Jirani akimkuta mama wa nyumba amekaa kimya karibu na kibanda humwambia hivyo ili kumpunguzia mzigo, kisha huongeza kwamba atapata mwingine. Wengine husema kumlilia mbwa ni uzungu, na wana mifano ya kuonyesha. Jim Corbett, mwindaji aliyehamia Nyeri kutoka India mwaka 1947 na kuzikwa huko mwaka 1955, alimpa mbwa wake Robin sura nzima katika kitabu chake kuhusu simba marara walao watu wa Kumaon. Hapa Kenya chama cha kuwatetea wanyama kilianzishwa wakati wa ukoloni, mwaka 1910. Kwa hiyo huruma hii inaonekana kana kwamba ilishuka kwa meli pamoja na vikombe vya chai. Wahenga wa Kiswahili walisema mla nawe hafi nawe ila mzaliwa nawe. Methali hiyo ni onyo kuhusu marafiki wa sahani, wale wanaotoweka shida inapoingia. Mbwa wa boma huipita pembeni. Alikula na watu hawa bila kuzaliwa nao, na usiku wa wezi alisimama mbele yao. Swali linalobaki ni kama wao watasimama naye.

Jibu moja lilitolewa mwendo mfupi kutoka Karatina. Barabara inapita Marua, Kiganjo na Naro Moru, Mlima Kenya ukiwa mkono wa kulia njia nzima, mpaka Nanyuki, na upande wa Laikipia ndiko iliko hifadhi ya Ol Pejeta. Hapo aliishi Sudan, faru dume wa mwisho wa jamii ya faru weupe wa kaskazini. Alikamatwa akiwa mdogo kusini mwa Sudan mwaka 1975, akapelekwa bustani ya wanyama ya Dvůr Králové katika iliyokuwa Chekoslovakia, akarudishwa Afrika Desemba 2009 pamoja na dume mwenzake Suni, binti yake Najin na mjukuu wake Fatu. Suni alikufa mwaka 2014. Sudan alizeeka chini ya ulinzi wa bunduki usiku na mchana, na walinzi wake wakawa ndio jamaa zake. Walijua upande anaopenda kukunwa. Walijua anavyohema akiwa na furaha na anavyohema akiwa na maumivu.

Mapema mwaka 2018 mwili ulianza kumwacha. Misuli na mifupa ilikuwa imechakaa, ngozi ilikuwa na vidonda, na mguu wa nyuma ulikuwa umeambukizwa. Saa 24 za mwisho hakuweza tena kusimama. Madaktari wa Dvůr Králové, wa Ol Pejeta na wa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori la Kenya walishauriana, wakaamua kumpumzisha kwa dawa. Ilikuwa tarehe 19 Machi 2018, akiwa na miaka 45. Mpiga picha Ami Vitale alikuwapo. Katika picha iliyozunguka dunia, mlinzi Joseph Wachira ameinama, kichwa chake kimegusa uso wa faru, mkono wake umetulia juu ya ngozi nene ya kijivu. Picha hiyo inatazamwa zaidi kama picha ya jamii ya viumbe inayotoweka, na ni haki iwe hivyo, kwani dume wa aina yake hakubaki. Lakini ukiondoa habari zote za dunia, kinachobaki ni mtu wa maeneo haya ya mlima akimuaga mnyama aliyemlisha kwa mikono yake. Hakuna cha kukopa kutoka ng'ambo katika mkono ule.

Upande mwingine wa mlima, Meru, kuna kisa kinachofunza jambo la pili. Elsa, simba jike aliyelelewa na Joy na George Adamson tangu 1956 kisha akarudishwa porini, aliugua Januari 1961. Ugonjwa ulikuwa babesia, ambao huenezwa na kupe na kuharibu chembe nyekundu za damu. George alikuwa naye usiku wa mwisho. Joy, ambaye dunia nzima ilimjua kwa ajili ya Elsa, hakuwepo kambini. Kitabu chake kuhusu simba huyo kilikuwa kimetoka mwaka mmoja tu kabla, na wasomaji wa mbali walikuwa wakilijua jina la Elsa kuliko la mto aliozikwa karibu nao. Umaarufu wote huo haukumpa nafasi ya kuwepo. Joy alipouawa mwaka 1980, sehemu ya majivu yake ilipelekwa kwenye kaburi la Elsa, miaka 19 baadaye. Wengi waliowahi kufika nyumbani wakakuta mbwa wao ameshafukiwa wanayajua maumivu ya namna hiyo. Kifo kinachokuja chenyewe huchagua saa yake, na huchagua nani awepo. Kifo kilichopangwa kwa huruma humruhusu mtoto aliye Nairobi kupanda matatu ya alfajiri na kumkuta mbwa angali akitikisa mkia.

Namna kifo hicho kinavyofanyika nyumbani inafaa ielezwe waziwazi, kwa sababu hofu nyingi hutokana na kutojua. Daktari huanza kwa sindano ya kutuliza kwenye msuli wa paja. Mbwa hushtuka kidogo, kama siku ya chanjo, kisha hurudi kwa watu wake. Baada ya muda mfupi kichwa huwa kizito, masikio hulegea, naye hulala. Hapo daktari hunyoa manyoya kidogo mguu wa mbele, hufunga mpira juu ya kiwiko ili mshipa utokeze, na kuingiza sindano ya pili polepole. Dawa inayotumika zaidi ni pentobabitali, dawa ya usingizi inayotolewa kwa kipimo kikubwa kupita kile cha kulaza. Fahamu huzimika kwanza. Kupumua hufuata, kisha moyo. Mara nyingi yote hayo huchukua dakika chache. Mkono uliowekwa ubavuni huhisi mbavu zikipanda na kushuka, zikipanda kidogo zaidi ya nywele, kisha zikitulia, na joto likiendelea kubaki pale kwa muda. Macho hubaki wazi. Msuli unaweza kuruka, mkojo unaweza kutoka, pumzi moja ndefu inaweza kuja mnyama akiwa ameshaondoka. Daktari mwema huwaambia watu hayo mapema, ili yasiwatishe, kisha husikiliza kifua kwa kifaa chake kabla ya kusema neno.

Daktari huyo, katika vijiji vya Mathira, ni yule yule wa ng'ombe. Hufika kwa pikipiki, mtungi wa mbegu za upandishaji umefungwa nyuma, viatu vya mpira vina matope ya boma la kwanza la siku. Maisha yake ni ugonjwa wa kiwele, ndama aliyekwama, ndigana kali. Kuitwa kwa ajili ya mbwa mzee ni jambo geni kidogo, na baadhi ya familia huona haya kumwita. Hakuna sababu ya kuona haya. Tangu sheria ya mwaka 2011 kazi hiyo husimamiwa na Bodi ya Madaktari wa Mifugo ya Kenya, na anayeitwa awe amesajiliwa nayo. Inafaa aulizwe kabla ya siku yenyewe: atatumia dawa gani, na je, mnyama atakuwa amelala kabisa kabla ya sindano ya mwisho? Sheria ya kuzuia ukatili kwa wanyama, Sura ya 360, inakataza kumsababishia mnyama mateso yasiyo ya lazima. Kumwacha mbwa asiyeweza kusimama alale juu ya mkojo wake wiki tatu, inzi wakitaga kwenye vidonda, ni mateso hata kama nia ilikuwa upendo.

Ugumu mkubwa uko kwenye kuchagua siku. Mbwa hafi maji aonapo ufuko, husema Waswahili, na mbwa mzee huithibitisha methali hiyo mwilini mwake. Akisikia sauti ya mtu wa nyumbani atajikokota, atapigapiga mkia chini, atajaribu kusimama na kuanguka na kujaribu tena. Kwa kumtazama, mtu hudhani bado anataka kuendelea, na pengine ni kweli. Lakini mbwa huogelea kwa kuwa anauona ufuko, na ufuko huo ni uso wa mtu wake, kwa hiyo jitihada zake haziwezi kuwa kipimo pekee. Vipimo vingine ni vya kawaida, vya nyumbani: je, anakula? Anakunywa? Anaweza kutoka mahali alipolala ili asijichafue? Anapoguswa, hulala kwa raha au hukaza mwili? Siku mbaya zimezidi nzuri? Mama anayempelekea uji wa vuguvugu kila asubuhi ana majibu ya maswali hayo kuliko yeyote. Na anapoyasema kwa sauti, mara nyingi anakuta uamuzi umeshafika. Ni uamuzi unaoumiza, kwa kuwa anayeuchukua hujitwika kitu ambacho angeweza kukiachia usiku na baridi. Kujitwika huko ndiko sehemu ngumu ya upendo wenyewe.

Wapo wanaouliza kama dini inaruhusu. Mlima Tumutumu una misheni ya Kipresbiteri tangu mwanzoni mwa karne iliyopita, na Biblia inayosomwa pale ina Mithali 12:10, ambapo kuujali uhai wa mnyama wako kunahesabiwa kuwa alama ya mtu mwenye haki. Waislamu wana simulizi ya vijana wa pangoni katika sura ya Al-Kahf, ambao mbwa wao alilala nao, amenyoosha miguu yake kizingitini, muda wote wa usingizi wao. Wana pia agizo la Mtume kwamba anayechinja anoe kisu chake na ampe mnyama wake raha. Agizo hilo linahusu nyama ya halali, na mwenye kutaka hukumu ya mbwa mgonjwa atamwuliza shehe wake. Hata hivyo maana yake ni pana: namna mnyama anavyoufikia mwisho ni jambo ambalo mtu ataulizwa.

Kisha kuna kaburi. Hapa historia ya wenyeji inashangaza, kwa sababu Wagikuyu wa kale hawakuwa watu wa makaburi. Wazee wenye heshima na mali walizikwa. Wengi waliobaki walitolewa nje ya boma wakiwa mahututi, wakawekwa vichakani, na fisi wakafanya kazi yao, maana maiti ilileta unajisi na nyumba iliyofiwa ndani iliachwa. Kuzika kila mtu kulikuja na misheni na serikali ya kikoloni, na vizazi vichache tu baadaye kumezoeleka kiasi kwamba familia hupigania kortini mahali pa kumzika mzee wao. Desturi za kuaga hubadilika, na huweza kubadilika haraka pale watu wanapoona zina maana. Mbwa wa boma naye leo hufukiwa mpakani mwa shamba, chini ya mparachichi au kando ya migomba. Aliyepumzishwa kwa dawa ni lazima afukiwe kwa kina, zaidi ya mita moja, na udongo ushindiliwe, kwa kuwa pentobabitali hukaa mwilini, na mbwa mwingine, mbweha au tai atakayekula mzoga huo anaweza kufa naye. Jembe linalochimba vizuri huwalinda walio hai.

Watoto waitwe. Desturi ya kuwaambia mbwa "ameenda kwa nyanya" huwaacha wakimsubiri likizo hadi likizo, na siku wanapogundua ukweli hupoteza vitu viwili kwa pamoja. Mtoto wa miaka saba anaweza kuelezwa kwamba Simba anaumwa, kwamba dawa ipo ya kumzuia asiumie na nyingine ya kumlaza asiamke, na kwamba akitaka atakaa naye na asipotaka atacheza kwa jirani. Wengi huchagua kukaa. Huuliza maswali ambayo watu wazima wameyaacha: je, anasikia? Ataota? Nani atabweka leo usiku? La mwisho lina jibu la haraka, kwani kawaida mbwa wa jirani hubweka kwa niaba ya wote. Yale mawili ya kwanza mzazi huyajibu kadiri anavyojua, na mtoto hujifunza kwamba kuna mambo makubwa yanayozungumzwa mezani bila kunong'ona.

Na mlango huu ukishafunguliwa kwa mbwa, ng'ombe naye hufika kizingitini. Kuna ng'ombe wa Mathira waliokamuliwa miaka kumi, ambao maziwa yao yalilipa karo, yakanunua mabati, yakamsomesha binti aliye sasa Nairobi. Siku wanapokauka hupakiwa kwenye pikapu alfajiri, na aliyewakamua huingia ndani asione. Nusu ekari haiwezi kumlisha ng'ombe asiye na maziwa, na hakuna wa kumlaumu mkulima kwa kuuza. Lakini kati ya kumuuza na kumtelekeza pana nafasi kubwa: kumnywesha kabla hajapanda gari, kumuuza kwa buchari aliye karibu ili asisafiri siku nzima amefungwa miguu, mtu anayemjua amshike kamba mpaka atulie. Sura ya 360 inamhusu ng'ombe kama inavyomhusu mbwa, pamoja na namna anavyosafirishwa, na mwenye boma ana haki ya kumuuliza dalali atampeleka wapi na atachinjwa lini, kabla noti hazijahesabiwa.